Kangaga-mti la milimani: namna ya kulitambua na kuandika mahali linapoota

Ukishuka kwenye korongo lenye kijito ndani ya msitu wa Usambara, Uluguru au miteremko ya Mlima Kenya, huenda ukakutana na mmea unaofanana na mnazi uliopotea njia: shina moja lisilo na tawi, na kileleni makuti yametawanyika kama mwavuli. Si mnazi wala jamaa yake. Ni kangaga, mmoja wa mimea isiyotoa ua wala mbegu, ila hili limejenga shina linaloweza kufika mita 7 na zaidi. Spishi iliyoenea zaidi ndani ya misitu ya milimani ya Afrika Mashariki ni Cyathea manniana. Ndiyo tutakayoishughulikia hapa, pamoja na zile zinazochanganywa nayo.

Jambo la kwanza ni jina, maana wengi hukwama hapo. Orodha nyingi za sasa huiita Alsophila manniana, na vitabu vya zamani kidogo huiita Cyathea manniana. Ni mmea uleule, hivyo unapotafuta kumbukumbu zake tafuta kwa majina yote mawili, la sivyo utakosa nusu. Neno manniana linamkumbuka Gustav Mann, Mjerumani aliyekusanya mimea Afrika Magharibi mwanzoni mwa miaka ya 1860. Ndiyo kusema kangaga hili si la mashariki peke yake: linaanzia huko, likapita Uganda, Kenya na Tanzania, hadi Malawi, Zambia, Msumbiji na Zimbabwe.

Urefu na umbo la mwavuli havitoshi kukupa jina. Makangaga-mti yote yana umbo hilo. Alama zinazoamua ni tatu: miiba ya kikonyo, madoa ya spora (chembe za vumbi ambazo kangaga huzaliana nazo badala ya mbegu) yasiyo na kifuniko, na mahali penyewe. Kila moja inaweza kukudanganya ikiwa peke yake, kwa hiyo zisome zote kabla ya kuandika jina.

Vifaa vya kubeba

Lenzi ya mkono inayokuza mara 10 ndiyo kifaa usichoweza kukikosa. Ongeza tepu ya kupimia ya mita 5, glavu ngumu, kisu, kioo kidogo cha mkononi, sindano, bahasha za karatasi, daftari na penseli. Penseli, si kalamu: msitu wa aina hii hulowesha daftari na wino huyeyuka. Bahasha ziwe za karatasi kwa sababu jani likifungiwa ndani ya plastiki huota ukungu kwa siku moja au mbili. Kioo ni cha kutazamia chini ya jani bila kulivuta, kwani kuti bichi likivutwa kwa nguvu hukatika pale linaposhikana na shina.

Hakikisha kwanza ni kangaga

Inua macho utazame katikati ya kilele. Jani changa la kangaga hutoka likiwa limejiviringa kama gamba la konokono, kisha hujikunjua kuanzia chini kwenda juu. Kuti changa la mnazi au mkindu hutoka likiwa limenyooka kama mkuki. Kisha hesabu mgawanyiko wa jani. Kuti la mkindu limegawanyika mara moja tu, na vijijani vyake vya chini vimegeuka kuwa miiba mirefu. Mtapo nao una jani gumu lililogawanyika mara moja, na katikati ya kilele chake hukaa koni kubwa. Jani la Cyathea manniana linagawanyika mara mbili kamili, kisha vile vijijani vya mwisho vinachanwa tena karibu kufika kwenye uti wao. Ukilishika juani unaona kama kitambaa cha lesi.

Kikonyo na miiba yake

Vaa glavu. Kikonyo ni ile sehemu ya jani isiyo na vijijani, kati ya shina na mgawanyiko wa kwanza. Cha Cyathea manniana ni cha rangi ya kahawia iliyokolea na kina miiba mifupi, migumu na yenye ncha. Miiba hiyo huendelea kwenye uti wa jani, na mashina mengi hubaki nayo baada ya majani kuanguka, kwenye vitako vya vikonyo vya zamani. Ndiyo maana ni kosa kulikumbatia shina ukiteleza kwenye tope la korongo.

Pitisha kidole chenye glavu kutoka juu kwenda chini. Mwiba wa kweli utakwamisha kitambaa. Kikiteleza juu ya vinundu butu kama chunusi, usiendelee na jina hili, maana hiyo ni dalili ya Cyathea dregei, ambayo tutaifikia. Tatizo ni kwamba miiba ya kikonyo kizee huvunjika na kuacha vinundu vilevile. Kagua basi vikonyo vitatu visivyolingana umri: kimoja cha jani lililojikunjua karibuni, kimoja cha katikati ya umri, na kimoja kinachoanza kuinama. Kimoja tu kikiwa na miiba mikali, miiba ipo.

Kwenye kitako cha kikonyo na juu ya chipukizi lililojiviringa kuna magamba membamba, ya kahawia iliyokolea, yanayong'aa, na kingo zake ni dhaifu mno. Ukiyasugua kwa kidole kingo hupukutika, kisha gamba huonekana la aina nyingine. Yatazame kwa lenzi yakiwa palepale kwenye chipukizi. Ukiona nywele laini badala ya magamba bapa, una mmea wa jamii nyingine kabisa. Makangaga-mti ya Australia ya jenasi Dicksonia, yanayopandwa kwenye bustani, yana nywele.

Geuza jani

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Chagua jani lililokomaa, lililo kwenye mwanga kuliko mengine, kisha tazama upande wa chini. Majani ya kivuli kizito mara nyingi hayana spora kabisa, na mtu huondoka akidhani mmea wote ni mtupu.

Madoa ya spora ni ya duara, kila moja kama kichwa cha pini, na yamepangwa kwa mistari miwili: mmoja kila upande wa uti wa katikati wa kijijani, karibu na uti huo kuliko ukingo. Weka lenzi na utaona kwamba kila doa limekaa kwenye mshipa, pale mshipa unapogawanyika kama panda ya manati. Mishipa yenyewe haishikani kama wavu. Huenda moja kwa moja hadi ukingoni.

Sasa swali linaloamua: je, doa lina kifuniko? Makangaga mengi hufunika vifuko vya spora kwa utando mwembamba, wenye umbo la kikombe, figo au kope. Cyathea manniana haina. Vifuko vyake viko wazi tangu mwanzo, kama punje za ulezi zilizorundikwa, vikiwa vya kijani kwanza na vya kahawia vinapokomaa.

Wengi hukosea hapa, na kosa lina sababu inayoeleweka. Utando wa spishi nyingine hupasuka na kuanguka doa linapokomaa, hivyo jani zee la kangaga lenye kifuniko huonekana kama halikuwahi kuwa nacho. Dawa yake ni hii: tafuta jani changa kuliko yote yenye madoa, ambayo vifuko vyake bado ni vya kijani. Ikiwa majani yote ni mazee, chukua sindano uvisukume pembeni vifuko vya doa moja, kisha tazama kilichobaki. Penye kikombe hubaki ukingo mwembamba uliochanika, kama sahani chini ya punje. Kwenye Cyathea manniana hubaki kinundu tupu. Rudia kwa madoa 5 kutoka vijijani tofauti.

Kuna mdudu anayestahili kutajwa. Vidugamba, wadudu wadogo wanaojibandika kwenye majani, wana rangi na ukubwa wa doa la spora, na picha nyingi zinazotumwa kuomba jina zina wadudu hao badala ya spora. Spora hujipanga kwa utaratibu, kidugamba hukaa popote. Mwondoe kwa ukucha: atatoka mzima kama gamba, na mara nyingi huacha unato.

Ukitaka kuthibitisha kwamba vifuko bado vina spora, weka kijijani kati ya karatasi mbili nyeupe, upande wa madoa ukitazama chini, na ukiache mahali pakavu pasipo na upepo usiku mmoja au miwili. Vikiwa vimekomaa, vumbi laini litachora umbo la kijijani kwenye karatasi. Usipopata vumbi, jani ni changa mno au limeshamwaga zamani.

Shina

Pima urefu na unene, lakini usitegemee vipimo hivyo kwa umri. Shina la kangaga halina mbao wala miduara ya mwaka, na halinenepi kama la mti wa kawaida. Unene unaouona chini ni mizizi midogo myeusi iliyojisuka kulizunguka shina. Kwa hiyo pima unene juu ya mizizi hiyo na uandike ulipimia urefu gani kutoka ardhini.

Tazama pia kama majani makavu yananing'inia kama sketi kuzunguka shina. Cyathea manniana kwa kawaida haina sketi nene, maana majani yake makavu huanguka. Zingatia kwamba shina hukua kutoka ncha moja tu ya juu: ukikata kilele ili kupata jani zuri, umeua mmea mzima.

Yanayofanana nalo

Cyathea dregei huota Tanzania na kuendelea kusini hadi Afrika Kusini. Shina lake ni nene, hufika sentimita 45, lakini ni fupi, kwa kawaida si zaidi ya mita 5. Vikonyo vyake vina vinundu butu, madoa yake yana kifuniko cha kikombe, na majani yake makavu hubaki yakining'inia. Inapenda kingo za vijito kwenye nyasi za milimani na pembezoni mwa msitu, juani kabisa, na hustahimili moto wa nyasi. Ukikuta kangaga-mti limesimama katikati ya mbuga ya nyasi, anza kulifikiria hilo.

Cyathea humilis ni ya misitu ya Tao la Mashariki, ile safu ya milima ya Tanzania na kusini-mashariki mwa Kenya yenye Usambara na Uluguru. Ni ndogo: shina jembamba kama mpini wa jembe, na jani lake limechanwa mara chache zaidi, kwa hiyo halina ile sura ya lesi. Miche ya Cyathea manniana huchanganywa nayo sana. Mche usio na shina wala spora huwezi kuupa jina la spishi kwa macho, na si aibu kuuacha bila jina.

Linaloleta utata kuliko yote halina hata shina refu. Marattia fraxinea, ambayo siku hizi huitwa pia Ptisana fraxinea, hukaa kwenye korongo lilelile, mara nyingi hatua chache tu kutoka kwenye Cyathea, na majani yake ya mita 2 na zaidi yanapoinuka kutoka kwenye tope humfanya mtu adhani ni kangaga-mti changa. Ukikaribia utatofautisha upesi. Vijijani vyake ni vipana na vyenye nyama, havikuchanwa. Pale kijijani kinaposhikana na uti pamevimba kama goti. Kitako cha kikonyo kina masikio mawili manene. Vifuko vyake vya spora vimeungana kuwa kitu kimoja kigumu chenye umbo la mtumbwi, karibu na ukingo wa kijijani, na hupasuka katikati kama punje ya kahawa iliyogawanyika. Na haina mwiba hata mmoja.

Karibu na nyumba za wageni na bustani jihadhari na Cyathea cooperi ya Australia, inayopandwa kwa urembo. Magamba ya kitako cha kikonyo chake ni meupe-meupe na marefu, na shina lake lina makovu ya mviringo yaliyo wazi kama sarafu zilizobandikwa. Kuhusu Pteridium aquilinum, lile kangaga linaloteka mashamba yaliyochomwa moto, halina shina la juu: kila jani hutoka peke yake ardhini kutoka kwenye shina linalotambaa chini, mfano wa tangawizi, na spora zake zimefichwa chini ya ukingo wa jani uliojikunja.

Kwa nini korongo

Cyathea manniana huota kati ya mita 900 na 2500 juu ya usawa wa bahari, ndani ya msitu wa kijani kibichi, kandokando ya mito na kwenye makorongo yenye kivuli. Sababu iko kwenye uzazi wake. Spora husafiri mbali kwa upepo, lakini ikianguka haioti kangaga. Huota kwanza kipande bapa cha kijani chenye umbo la moyo, kisichofika sentimita 1, kisicho na mizizi ya kweli. Upande wa chini wa kipande hicho seli ya kiume huogelea kulifikia yai, na bila utando wa maji haifiki. Kwa hiyo tafuta vipande hivyo pale udongo ulipo wazi na mbichi: ukuta wa kijito uliomomonyoka, mzizi wa mti ulioanguka, kovu la maporomoko madogo. Chini ya majani makavu mazito hutavikuta, maana hufunikwa na kufa.

Ukielewa hilo utaelewa pia kwa nini mmea mkubwa ni ushahidi dhaifu wa makazi. Shina lililokomaa linaweza kuendelea kuishi miaka mingi baada ya msitu kukatwa na kuacha mfereji wenye jua katikati ya mashamba. Bado lina majani, pengine na spora, lakini halizai tena. Makazi halisi ni pale unapokuta rika mbalimbali pamoja: vipande vya umbo la moyo, miche ya kimo cha goti, mashina ya kimo cha mtu na yale marefu. Hesabu kila rika ndani ya duara la nusu kipenyo cha mita 10 na uandike, hata kama jibu ni sifuri. Dalili za kupandwa ni mashina ya kimo kimoja yaliyokaa kwa mstari, karibu na njia au jengo, bila mche hata mmoja.

Namna ya kuandika makazi

Maneno kama "msitu wenye unyevu" hayamsaidii atakayekuja baada yako. Andika umbali kutoka kwenye maji kwa mita, mwinuko wa mteremko kwa nyuzi, na upande mteremko unaoutazama. Upande huo una uzito: miteremko ya Tao la Mashariki inayotazama Bahari ya Hindi hupata mvua nyingi kuliko ile ya nyuma yake.

Kivuli kipime hivi. Viringisha karatasi iwe bomba jembamba. Tembea hatua 20 kuzunguka mmea, na kila hatua tazama juu wima kupitia bomba. Ukiona jani andika 1, ukiona anga andika 0. Zidisha jumla kwa 5 upate asilimia. Ni kipimo cha kienyeji, lakini watu wawili wakikirudia hupata majibu yanayokaribiana, tofauti na kukadiria kwa macho.

Mahali na kimo kutoka baharini visome kwenye simu au GPS baada ya kusubiri mpaka kosa linaloonyeshwa lishuke chini ya mita 10. Ndani ya korongo lenye miti mirefu huenda lisishuke. Panda ukingoni, soma hapo, kisha andika umbali na uelekeo wa kurudi kwenye mmea. Kimo cha simu hukosea kwa makumi ya mita, kwa hiyo kilinganishe na ramani ya 1:50,000. Kikiwa chini ya mita 900, usikifute, ila rudi ukague miiba na madoa upya.

Orodhesha pia mimea jirani mitatu au minne unayoifahamu kwa hakika, na useme kama mashina ya miti yamefunikwa na kuvumwani. Hiyo ni dalili nzuri ya ukungu wa mara kwa mara kuliko kipimo cha siku moja cha unyevu.

Picha na sampuli

Picha saba zinatosha: mmea mzima na mtu kando yake, shina, kitako cha kikonyo, chipukizi lililojiviringa, jani upande wa juu, upande wa chini, na madoa kwa karibu. Hiyo ya mwisho piga kwa kubandika lenzi mbele ya kamera ya simu. Futa maji kwanza, maana tone juu ya doa hung'aa mithili ya utando, na atakayeitazama picha atasema kifuniko kipo.

Sampuli ni jambo jingine. Jenasi Cyathea imo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini, kwa hiyo kuivusha mpaka kunahitaji hati, na ndani ya hifadhi kukata hata jani moja kunahitaji kibali cha wasimamizi wake, kwa mfano TFS (wakala wa misitu wa Tanzania) kwa misitu ya hifadhi asilia Tanzania au KFS (shirika la misitu la Kenya) kwa misitu ya serikali Kenya. Ukiwa na kibali, kata jani moja tu. Kuti la mita 2.5 halienei kwenye karatasi ya sampuli, ambayo ni kama sentimita 42 kwa 29. Pima jani zima kwanza, kisha chukua vipande vitatu: kitako cha kikonyo chenye miiba na magamba, tawi moja zima la katikati, na ncha ya jani. Vipe namba moja ya sampuli na uandike "1 kati ya 3" na kuendelea. Kikonyo kipasue kwa urefu, la sivyo hakitakauka ndani, na miiba itatoboa karatasi. Geuza sehemu ya vijijani ili upande wa madoa uonekane bila kubandua. Magazeti unayokaushia sampuli ndani yake yabadilishe kila siku kwa siku tatu za mwanzo. Ukichelewa, vijijani huwa vyeusi na hupukutika.

Sampuli zilizothibitishwa za kulinganisha zipo Herbaria ya Afrika Mashariki (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) kwenye Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, na pia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Makerere.

Kwenye lebo, andika kiwango cha uhakika wako ndani ya jina lenyewe. Ukiwa umeona miiba mikali na madoa yasiyo na kifuniko kwenye jani changa, andika Cyathea manniana. Ukiwa umeona miiba lakini spora zote zilishamwagika, andika Cyathea cf. manniana, yaani inafanana nayo lakini haijathibitishwa. Na ukiwa na mche tu, andika Cyathea sp., yaani spishi ya Cyathea isiyojulikana, kisha eleza chini yake ni sehemu gani haikuwepo ili atakayepita msimu mwingine ajue aje kutazama nini.